Kidonge Kimoja, Mashina Manne

Kila alipotoka shule, Chapuchapu alianza kuvua viatu kabla hajafika mlangoni. Cha kushoto alikivulia kwenye ngazi, cha kulia kikaishia popote kilipoangukia, na siku moja kilimwangukia jogoo. Jina lake la daftarini walimu walilijua, lakini nyumbani na mtaani wote walimwita Chapuchapu, kwa sababu kila kazi aliifanya mbiombio. Sufuria aliziosha mbio, akaacha masizi chini. Hesabu alizifanya mbio, akasahau kubeba moja.

"Huyu mtoto," bibi yake alikuwa akisema, "hata usingizi anaulala haraka haraka."

Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Aliishi na mama yake na bibi mzaa baba katika nyumba ya vyumba vitatu, na nyuma ya nyumba hiyo yalianza mashamba ya mpunga. Baba yake alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, akionekana nyumbani siku mbili tatu kwa mwezi. Shamba lilikuwa la bibi, kazi ya kulima ilikuwa ya mama, na kazi ya kunung'unika, kama bibi alivyopenda kusema, ilikuwa ya Chapuchapu.

Alasiri moja aliingia ndani akamkuta mama ameketi kwenye kiti, mguu wake wa kulia umefungwa bandeji na kuwekwa juu ya kigoda. Bibi alikuwa pembeni, anakunja uso.

"Mama! Umefanya nini?"

"Chupa iliyovunjika," mama akajibu. "Sijui nani aliitupa kwenye mfereji, ikaingia shambani na maji. Nesi ameusafisha mguu na kuushona. Amesema nisiutie kwenye maji machafu wiki mbili nzima."

"Na vidonge je?"

Bibi ndiye aliyedakia. "Eti vidonge! Mpunga unaumwa malaria?"

Vidonge hivyo havikuwa dawa. Ilikuwa mbolea mpya, nyeupe, kila kidonge kikubwa kama gololi. Mama alifundishwa na bwana shamba namna ya kuitumia, pamoja na wakulima wengine wa kikundi chao, na yeye peke yake ndiye aliyejitolea kuijaribu. Bibi hakuifurahia hata kidogo. Misimu miwili mfululizo mpunga wao ulikuwa duni, na bibi alikuwa ameshatoa kauli yake mbele ya watu: safari hii mambo yakienda kombo tena, shamba angempa mwanawe mdogo alilime, na mama atafute kazi nyingine. Huyo mwana mdogo, baba mdogo wake Chapuchapu, shamba lake lilikuwa jirani, limetenganishwa na lao kwa tuta tu.

"Nusu ya jaruba nilishamaliza," mama alisema. Jaruba ni kipande cha shamba la mpunga kilichozungushiwa matuta ili kishike maji, na hilo ndilo lililokuwa jaruba lao pekee. "Nusu nyingine imebaki, na siku zenyewe zinakwisha. Vidonge vinatakiwa viingie kabla mpunga haujatimiza siku kumi tangu kupandikizwa." Akamtazama binti yake. "Mwanangu, nikikuachia, utaweza?"

Chapuchapu akanyoosha mgongo. Hakuna aliyewahi kumwachia kazi ya maana namna hiyo. "Kesho tu nimemaliza!"

"Hapo hapo ndipo ninapoogopa," mama akasema. "Sikiliza. Hii si kazi ya kesho tu. Ni kazi ya kimoja kimoja."

Akamwonyesha kwa kupanga vijiti vinne vya kiberiti sakafuni, kimoja kila kona. "Haya ni mashina manne ya mpunga. Kidonge unakiweka hapa katikati, ili yote manne yapate kula. Unakisukuma kwa kidole mpaka kidole chote kizame na kiganja kiguse tope. Halafu unaziba tundu. Mstari unaofuata unauacha, huo ni wa kupitisha miguu yako. Mstari wa kidonge, mstari wa mguu. Umeelewa? Na ukimaliza, nawa kwa sabuni kabla hujagusa kitu chochote cha kula."

"Lakini mama, si tumwage tu juu kama baba mdogo? Yeye anamaliza kabla chai haijapoa."

"Anamaliza, ndiyo. Na mbolea yake nayo inamalizika! Ikiwa juu ya maji inayeyuka palepale, nyingine inapotelea hewani, nyingine inaondoka na maji. Mpunga unashiba siku chache, halafu unashinda na njaa. Kidonge kikizama kwenye tope kinayeyuka kidogo kidogo, wiki hata wiki, na mpunga unakula kila siku kiasi chake." Mama akamshika mkono. "Kiganja kiguse tope. Usisahau hilo."

Siku ya kwanza Chapuchapu alifanya kazi kwa adabu kubwa. Aliinama, akachukua kidonge kwenye ndoo, akakizamisha, akaziba tundu, akasogea. Tope lilikuwa la uvuguvugu juu na la baridi chini. Mgongo ulimuuma, kiuno kikamuuma, hata shingo ikamuuma, lakini alirudi nyumbani na kiganja cheusi kwa tope. Mama akakitazama na kutabasamu mpaka jino la nyuma likaonekana. Siku hiyo Chapuchapu alijiona mtu mzima.

Siku ya pili ilikuwa na mkosi wake. Jioni hiyo darasa lao lilikuwa na mechi ya mpira wa pete dhidi ya darasa la juu, na mfungaji wao alikuwa nani? Yeye! Alizamisha vidonge huku jicho moja likitazama jua. Ilibaki kona moja tu, ile ya karibu na njia ya watu, palipokuwa na mlango wa kutolea maji ya jaruba. Katika ndoo vilibaki vidonge kama mia mbili. Ndipo rafiki yake akasimama juu ya tuta, amevaa jezi tayari.

"We Chapuchapu! Wameshaanza kupasha misuli! Unacheza au tumweke mwingine?"

"Nakuja! Dakika tano!"

"Dakika tano zako nazijua. Mimi naenda."

Chapuchapu alitazama ndoo, akatazama kona, akatazama mgongo wa rafiki yake ukienda zake. Mia mbili, kimoja kimoja, mpaka giza lingemkuta pale. Akajiambia kuwa kona ndogo kiasi kile haiwezi kuharibu shamba zima. Akajiambia pia kuwa mbolea ni mbolea tu, juu au chini. Akatia mkono ndoani, akachota, akarusha. Akachota tena, akarusha. Vidonge vikaanguka majini, vingine vikarundikana mahali pamoja kwenye mashina. Baada ya konzi kadhaa ndoo ikawa tupu, na yeye akatimua mbio.

Usiku mama alimuuliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Kimoja kimoja?"

"Kimoja kimoja."

"Ahsante, mwanangu. Umeniokoa." Mama alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa, na hakuomba hata kuona kiganja. Afadhali angekiomba.

Siku tano baadaye shamba la baba mdogo likawa kijani mpaka linang'aa. Lao lilikuwa bado lina rangi ya majani yaliyochoka. Baba mdogo alikuwa mtu wa mzaha, tumbo mbele na kicheko nyuma, na hakuiacha nafasi hiyo ipite. Kila asubuhi alisimama kwenye tuta.

"Shemeji! Mgonjwa anaendeleaje? Vidonge anameza kabla ya kula au baada ya kula?"

"Subiri, shemeji," mama alijibu kutoka kwenye kiti chake cha nje. "Wewe subiri tu."

Bibi hakucheka. Alitazama mashamba yote mawili, akaguna, akaingia ndani. Mguno huo mama aliuogopa kuliko mzaha wote wa baba mdogo.

Kisha ikanyesha mvua kubwa, siku mbili mchana na usiku. Maji yakafurika juu ya matuta na kuteremka mfereji kwa mfereji. Mvua ilipoisha, kijani cha baba mdogo kikaanza kufifia kidogo kidogo, naye akaacha kuulizia mgonjwa. Wakati huohuo mpunga wa mama ukaanza kuchangamka. Haukupata ule mng'ao wa ghafla, ila kila wiki ulikuwa umependeza kidogo kuliko wiki iliyopita.

Isipokuwa kona. Kona ile ya karibu na njia ilikuwa imedumaa, rangi ya manjano, na mahali pawili pale vidonge viliporundikana mashina yalikuwa yameungua majani. Cha ajabu, kwenye mfereji, pale pale nje ya mlango wa maji, ukoga ulikuwa umeota wa kijani kibichi, umenona, haujawahi kuonekana ukoga kama huo.

"Mfereji umeshiba," baba mdogo alisema, akikuna kichwa.

Mama alipona mguu, akashuka shambani. Alikwenda pale konani asubuhi na jioni, akachutama, akagusa majani, akapima maji kwa kidole. Jioni alitoa daftari la mafunzo akasoma tena na tena, midomo ikichezacheza. "Sijui nimekosea wapi," alisema peke yake. "Labda sikumwelewa vizuri bwana shamba. Labda ni akili yangu tu haishiki."

Chapuchapu alikuwa pale pale mezani, anajifanya anasoma. Maneno yalimjaa mdomoni lakini mdomo ulikuwa mzito. Kwenda shuleni sasa alizunguka njia ndefu ili asiione ile kona, na hata viatu akitoka shule alivivua taratibu, kitu ambacho bibi alikigundua. "Unaumwa?" bibi alimuuliza. "Hapana, bibi." Lakini moyo ulikuwa unamuuma kweli.

Wiki ya sita bwana shamba alikuja kukagua. Alikuwa mzee mfupi mwenye buti za mpira zilizomfika magotini, akafuatana na wakulima kumi na wawili wa kikundi. Ilikuwa Jumamosi, kwa hiyo Chapuchapu alikuwepo. Watu walipita njiani kama kawaida, na mahali pa kwanza waliposimama palikuwa pale pale, konani.

Mtu mmoja akakohoa.

"Hii ndiyo mbolea ya kisasa?" mkulima mmoja akauliza. "Mimi hata bila mbolea napata zaidi ya hapa."

"Imeunguza!" mwingine akadakia. "Tazama majani haya. Hii ni sumu, jamani."

Bibi akasogea mbele na fimbo yake. Hakupaza sauti. "Mkwe wangu, nimevumilia misimu mitatu sasa. Nadhani wote mmeona. Msimu ujao..."

"Mama, ni kosa langu," mama akasema haraka. "Mbolea haina tatizo. Mimi ndiye sikuyashika mafunzo sawasawa. Naombeni radhi, na bwana shamba anisamehe kwa kumwaibisha."

Chapuchapu alimwona mama yake ameinamisha kichwa mbele ya watu kumi na wawili, mkono umeshika ncha ya kitambaa cha kichwani. Angenyamaza hapo, mambo yangeishia hapo, na hakuna mtu ambaye angejua milele. Na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Si mama!" alipiga kelele. "Ni mimi!"

Wote wakageuka.

"Vidonge vya kona hii sikuvizamisha. Nilivirusha."

"Ulivirusha wapi?" bibi akauliza.

"Hapo hapo. Kama mahindi ya kuku." Machozi yalikuwa yanamtiririka lakini aliendelea, maana aliona akisimama hataweza kuanza tena. "Vilikuwa mia mbili, nikachoka, na nilikuwa na mechi. Nikamwambia mama nimeweka kimoja kimoja. Nilimdanganya."

Baba mdogo, aliyekuwa amefuatana nao, akauliza kutoka nyuma, "Na mlishinda?"

"Tulifungwa," Chapuchapu akasema, akalia kwa sauti.

Watu kadhaa wakashindwa kuzuia kicheko, lakini mama hakucheka. Alikuwa anamtazama binti yake tu.

Bwana shamba akachutama, akachungulia mlango wa maji, akatazama ule ukoga ulionona mferejini. Akaanza kutikisa kichwa taratibu. "Sasa naelewa. Vidonge viliyeyukia juu ya maji. Vilivyorundikana viliunguza mashina. Vingine vikapotelea hewani, na vilivyobaki vikatoka na maji hapa mlangoni vikaenda kulisha ukoga." Akainuka, magoti yakalia. "Binti, umefanya kosa. Lakini kwa kulisema umetufanyia jambo kubwa, maana bila hivyo wakulima hawa wote wangeondoka na habari ya uongo. Nyote nifuateni. Mpunga haukaguliwi kwa kusimama njiani."

Akawaongoza juu ya tuta mpaka katikati ya jaruba. Huko mpunga ulikuwa umesimama wima, majani mapana, umefungamana hata maji chini yake hayaonekani. Akamwambia Chapuchapu ahesabu machipukizi ya shina moja. Akahesabu kwa sauti, akifuta makamasi: "Kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa." Akarudishwa konani akahesabu shina jingine. Saba.

"Huyu mtoto anahesabu haraka haraka," bibi akasema. "Simwamini." Na mbele ya macho ya watu akapandisha gauni mpaka magotini, akamkabidhi baba mdogo fimbo, akashuka mwenyewe kwenye tope. Alihesabu polepole, chipukizi moja moja, midomo imebana. Alipomaliza akarudia tena.

"Ishirini," akasema hatimaye. "Kuna chipukizi dogo alilolikosa."

Hakuna aliyezungumza tena habari ya msimu ujao.

Jioni mama alimwita Chapuchapu chumbani, akafunga mlango. Chapuchapu alitegemea kuchapwa, na kwa kweli alitamani achapwe yaishe. Mama akaketi kitandani, akamkalisha karibu.

"Kona si kitu," mama alisema. "Kona itaota msimu ujao. Lakini mwezi mzima nimekuwa nalala nikijiuliza nina kasoro gani. Nilianza kujiona mjinga, mwanangu. Na wewe jibu ulikuwa nalo, umekaa nalo hapo mezani, unanitazama."

"Niliogopa, mama."

"Najua uliogopa. Leo pia uliogopa, tena mbele ya watu wote, na bado umesema." Akamvuta kifuani. "Nimeumia na nimefurahi kwa pamoja. Hata sijui nilie au nicheke."

Wakafanya vyote viwili.

Bwana shamba aliomba ile kona iachwe vilevile mpaka mavuno, watu wajifunze. Siku ya kuvuna, Chapuchapu mwenyewe aliipura peke yake kando, na mpunga wake ukapita nusu ya debe kidogo tu. Kipande cha ukubwa huohuo kutoka katikati ya jaruba kilijaza debe zima, na debe la pili likaanza kuingia. Bibi aliyatazama madebe yale kwa muda mrefu.

"Mkwe wangu," akasema, "shamba lako hilo. Sasa nipeni maji ya kunywa, jua kali."

Msimu uliofuata, siku ya vidonge ilipofika, walikuwa watu watatu ndani ya tope, maana baba mdogo naye aliomba kufundishwa. Alivaa kaptura, akainama akihema, akilalamika kuwa tumbo lake halikutengenezwa kwa kazi hii. Alasiri akawa wa kwanza kutoka, anasema sehemu yake tayari. Bibi, ambaye tangu ile siku ya kukaguliwa alikuwa ndiye mkaguzi wa nyumba nzima, akamsimamisha juu ya tuta.

"Nionyeshe kiganja."

Baba mdogo, mtu mzima mwenye watoto watatu, akaficha mkono nyuma ya mgongo.

Chapuchapu angeweza kucheka, na wakati ule alikuwa na haki yote ya kucheka. Hakucheka. Aliijua hofu ile, alikuwa ameishi nayo mwezi mzima. Akachukua ndoo yake iliyobaki na vidonge vichache, akamwendea.

"Ni kuanzia mstari gani, baba mdogo? Niambie tu. Twende tukavitafute pamoja kabla havijayeyuka."

Baba mdogo akakohoa, akatazama chini. "Mstari wa kumi," akasema kwa sauti ndogo. "Mpaka mwisho."

Mama alikuwa ameyasikia yote kutoka katikati ya shamba. Akasimama wima, mkono kiunoni, mwingine ukidondosha tope.

"Mnaona?" akasema. "Kazi uliyoilipua mtu mwingine haioni siku ile, lakini shamba linaiona. Na mkikosea, semeni mapema, wakati bado inawezekana kurekebisha. Kusema kunauma siku moja tu. Kuficha kunauma kila siku."

"Haya, mwalimu," baba mdogo akajibu, na wote wakacheka, yeye kwanza.

Kisha Chapuchapu akaingia naye kwenye mstari wa kumi. Akainama, akatafuta kwa vidole kati ya mashina manne, akakipata kidonge juu ya tope, kinaanza kulainika. Akakisukuma chini, taratibu, mpaka kiganja kikagusa tope.